Fremu ya Mdogo Wangu

Fundi wa vibao alikuwa ameshachovya brashi kwenye rangi ya bluu alipouliza kwa mara ya tatu: "Sasa dada, namba ya simu tunaiweka wapi?"

Mdogo wangu akamjibu kwa mara ya tatu kwamba hakuna namba ya simu. Ni jina lake tu, na chini yake: Wakili, Kamishna wa Viapo. Basi. Fundi akanigeukia mimi, kwa ile namna wanaume wanavyotazamana mwanamke anapokataa jambo ambalo wao wanaliona la akili. Alikuwa amejitolea, kwa bei ileile, kuchora mizani, na chini ya mizani aandike maneno aliyoyatunga mwenyewe akiwa kwenye daladala: Usionewe, Njoo Utuone.

"Dada, biashara haifichwi," alisema.

"Hii si biashara," mdogo wangu akajibu, halafu akacheka mwenyewe, kwa sababu asubuhi ileile tulikuwa tumetoka ofisi ya kodi kukadiriwa mapato ya biashara.

Mimi nilikuwa upande wa fundi. Sikusema, lakini nilikuwa upande wake. Fremu yenyewe ilikuwa ya tatu kutoka barabarani, katikati ya duka la vipuri vya pikipiki na saluni ya kike, na mtu asingeiona mpaka awe amepotea. Nilishatoa na wazo langu: niandike makala kuhusu wakili kijana aliyeacha kazi nzuri mjini akaja kufungua ofisi Temeke, niipeleke kwa mhariri mmoja rafiki yangu. Alinikatalia kabla sijamaliza sentensi. Kanuni za maadili za mawakili haziwaruhusu kujitangaza ili kuvuta wateja, na makala ya kaka mtu, alisema, ni tangazo lililovaa miwani.

Ndiyo maana humu hutakuta jina lake wala la mtaa. Hata hivi nilivyoandika, nimemsomea kwanza.

Ilikuwa Agosti 2022. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya mawakili katikati ya jiji: ghorofani, kiyoyozi, chai saa nne. Kila mtu alipewa sababu yake ya kuondoka. Mama aliambiwa ni foleni. Mimi niliambiwa kwamba katika miaka ile sita hajawahi kukaa na mteja mmoja tangu mwanzo wa jambo lake mpaka mwisho. Yeye anaandika, wakubwa wanasaini, mteja anapokelewa chumba kingine. "Nimeandika maisha ya watu ambao tukikutana barabarani hawanijui," alisema. Mimi ni mwandishi wa habari. Kwangu hiyo ilisikika kama maelezo ya kazi ya kawaida.

Gazeti nililokuwa nafanyia kazi lilikuwa limepunguza watu mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwamo kwenye orodha. Katika kile walichonilipa nikamkopesha milioni tatu. Nataka nitaje hesabu, maana watu wakisikia wakili kafungua ofisi wanadhani ameshinda bahati nasibu. Kodi ya fremu, 250,000 kwa mwezi, miezi sita mbele: 1,500,000. Dalali, mwezi mmoja: 250,000. Meza mbili na viti vinne kutoka Keko: 480,000. Printa ya mtumba, Kariakoo: 350,000. Mihuri, mafaili, kufuli, rangi, karatasi. Bado leseni ya uwakili, ambayo inahuishwa kila mwaka, bado michango ya Chama cha Mawakili Tanganyika, bado kusajili jina la biashara BRELA.

Halafu kuna kodi juu ya kodi. Sheria inamtaka mpangaji wa ofisi azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mdogo wangu alimweleza mwenye nyumba jambo hilo taratibu, kwa vifungu. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, akasema serikali na ichukue inachotaka kwa anayemtaka, ila kwake 250,000 ifike ikiwa nzima. Tukailipa sisi. Manispaa nayo ilikuwa na ushuru wa huduma, wakati ule asilimia 0.3 ya mauzo. Tuliitazama ile fomu na neno lake "mauzo". Alikuwa hajauza hata bahasha.

Mpaka wiki ya tatu milioni zangu tatu zilikuwa zimeisha, akiba yake imeliwa nusu, na kilichobaki cha thamani kilikuwa gari lake, IST ya rangi ya fedha aliyomaliza kuilipia mwaka uliopita.

*

Wiki ya kwanza waliingia watu tisa. Watano walikuwa wanatafuta saluni.

Nilipewa meza ya pembeni, ile yenye mguu mmoja mfupi, niandikie hapo makala zangu za kujitegemea, na mtu akiingia nionekane karani. Nadhani hakutaka kukaa peke yake. Kufungua ofisi, nilichokiona mimi, ni kukaa ndani ya chumba kilicho wazi na kusikiliza nyayo za watu zikipita. Kila nyayo ikipunguza mwendo, moyo unaruka. Halafu inaendelea. Saa sita mchana wote wawili tunajifanya tunasoma.

Kwenye rafu, pembeni ya vitabu vyake vya sheria, aliweka nakala ya Kusadikika ya marehemu baba, iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu. Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kile kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951 tulikisikia mezani kabla hatujaweza kukisoma. Mnakikumbuka: nchi inayoelea angani, na Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria. Nilipokuwa mdogo nilichopenda ni jinsi Karama anavyozungumza. Mtu mmoja, hana kitu, ana maneno tu, na baraza zima limenyamaza. Nadhani ndicho kilichonipeleka kwenye uandishi.

"Hakulipa pango yule," nilimwambia mdogo wangu siku moja ya joto.

"Na hakujizungumzia," akasema. "Umewahi kuliona hilo? Anashtakiwa yeye, lakini siku baada ya siku anasimulia habari za wale wajumbe sita. Waliotumwa, wakarudi, wakafungwa. Anasimama kwa ajili yao."

Nilikuwa sijaliona. Nimekisoma kitabu kile labda mara nane.

Kilichotulisha miezi ya mwanzo ni muhuri. Msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo ulikuwa unaelekea ukingoni, na vijana wote wa Temeke waliomaliza kidato cha sita walitaka fomu zao na vyeti vyao vithibitishwe. Baada yao wakaja wa ajira, wenye vyeti vya kuzaliwa vilivyokosewa herufi, waliopoteza kadi za magari, wanaotaka kuapa kwamba Husna wa cheti cha shule na Husina wa kitambulisho ni mtu mmoja. Elfu tano, elfu kumi. Kijana mmoja wa steshenari akaja na pendekezo: amwachie muhuri pale dukani kwake, yeye atakuwa anagonga, jioni wanagawana. "Mawakili wenzako wanafanya, dada. Hutoki jasho." Mdogo wangu akamwambia asante. Kijana akaona kama hajaeleweka, akarudia kwa sauti ya juu zaidi.

Sasa, yeye hakuwa anagonga tu. Kwenye droo ya juu alikuwa na Msahafu na Biblia, na kila aliyeleta hati ya kiapo alisimamishwa, akashika kitabu chake, akaulizwa kama aliyoyaeleza mle ndani ni kweli. Foleni ikawa inanung'unika. Kwa jirani wanagonga tu! Hata mimi nilinung'unika, kimoyomoyo, nikihesabu watu wanaoondoka na elfu tano zao.

Siku moja aliingia binti wa miaka kumi na tisa na hati iliyochapwa huko steshenari, ikisema baba yake amefariki. Akasimama, akashika kitabu. Mdogo wangu akasoma kwa sauti: "...kwamba baba yangu mzazi alikwisha kufariki dunia..." Binti akanyamaza. Ukapita muda ambao mashine ya kukaushia nywele ya jirani ilisikika yote. Kisha akasema, "Hajafa. Alituacha tu."

"Nani kaandika amefariki?"

"Walisema ndivyo inavyoandikwa."

Mdogo wangu akaichana ile karatasi, akakaa kwenye kompyuta, akaandika upya: kwamba baba aliondoka nyumbani mwaka fulani, hajatoa matunzo tangu hapo, wala hawana mawasiliano naye. Ikawa ndefu kuliko ya kwanza. Binti aliisoma mara mbili, na aliposhika kitabu mara ya pili sauti yake ilikuwa nyingine. Hakulipishwa ile ya pili. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu ya mguu mfupi, na sikuandika chochote mchana ule.

Oktoba yakatoka matokeo ya Shule ya Sheria, ambayo mtaani yalizungumzwa kama mpira: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Kwa mwezi mzima watu waliingia, wakatazama kuta, wakauliza kabla ya salamu kukamilika: "Samahani, wewe uko kwenye wale ishirini na sita?" Yeye alikuwa amepita pale miaka mingi nyuma, na alikula kiapo na joho la kuazima. Lakini aliacha kueleza. Alichukua cheti chake cha uwakili kwenye bahasha alimokuwa amekihifadhi, akakitundika.

*

Mama wa Mbagala alikuja Novemba, na yeye hakuwa anatafuta saluni. Alisimama mlangoni, akavua kandambili.

"Shikamoo mama. Karibu, ingia na viatu."

"Marahaba mwanangu. Viatu vina mchanga."

Jambo lake lilikuwa hivi. Mume wake alifariki, na akiwa ndani ya eda shemeji yake akauza nusu ya kiwanja kwa jirani. Ndugu walishamteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi na mahakama ya mwanzo ikamthibitisha, lakini kila alikokwenda kudai aliambiwa alete maandishi. Kulikuwa na watoto wawili wa marehemu kwa mwanamke mwingine, wako Mtwara, na alitaka nao wasipunjwe. Hilo alilisema mwanzo kabisa, hata kabla ya kutaja eneo lenyewe.

Mdogo wangu aliandika maombi ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliandika kwa Kiswahili, na hapa nisimame kidogo, kwa sababu nyinyi mnaosoma kurasa hizi najua mtaelewa. Katika nchi yetu mahakama za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na huko kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Walikoruhusiwa, mahakama za juu, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa Kiingereza, hata pale hakimu, shahidi na mawakili wa pande zote walipokuwa wamezungumza Kiswahili mchana kutwa. Yaani palipokuwa na lugha hapakuwa na wakili, palipokuwa na wakili hapakuwa na lugha. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mkono wa mtu aliyezoea miaka sita kuandika kwa Kiingereza haubadilishwi na Bunge. Nilimwona akiandika sentensi, akiifuta, akiniuliza, "Kaka, hii inasemwaje na mtu?"

Alipomaliza alimwita mama, akampa miwani yake mwenyewe, na mama akaisoma ile hati kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Mstari wa kwanza tu akasimama.

"Mleta maombi. Kwani mimi naomba? Mimi nadai changu."

Akaelezwa kwamba ndivyo Baraza linavyomwita mtu anayelalamika. Hakuridhika, lakini akaendelea.

"Hapa. 'Alikuwa mke wa marehemu.' Sikuwa. Mimi ni mke wake."

"Tuandike mjane, mama?"

"Mjane sawa. Hiyo 'alikuwa' iondoe."

Ikaondolewa. Akasoma tena mpaka penye maelezo ya kiwanja, penye neno "kisichopimwa", maana hakikuwa na hati wala ramani ya upimaji. Akavua miwani.

"Kisichopimwa na nani? Mume wangu alikipima. Alipima kwa kamba ya katani, mimi nimeshika ncha moja, mzee balozi ameshika nyingine, tukapanda minyaa kona zote nne. Minne yote ipo mpaka leo, mmoja uko nyuma ya choo cha huyo aliyenunua."

Mdogo wangu aliweka kalamu chini. Katika mahojiano mawili marefu mama hakuwahi kutaja kamba, balozi wala minyaa. Hakujua kwamba ni jambo. Lilitoka kwa sababu neno moja la kitaalamu lilimtukana mume wake, na kwa sababu alikuwa analisoma mwenyewe. Mzee balozi alikuwa hai, anaishi Kongowe, na kumbukumbu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Alipoorodheshwa kuwa shahidi, upande wa pili ulianza kuzungumza lugha nyingine.

Nilifikiri habari zote nilizowahi kuandika kuhusu watu kama yeye. Sijawahi hata siku moja kumpa mtu niliyemwandika nafasi ya kuisoma kwanza, kidole kikifuata mistari.

*

Julai 2023 wajibu maombi waliomba yaishe kwa mapatano. Jirani alikuwa ameshajenga, na mama hakutaka kumbomolea mtu nyumba. Wakakubaliana walipe 14,000,000, Baraza likayaandika mapatano, na fedha zikaingia kwenye akaunti ya wateja, ile ambayo wakili anatakiwa kuitenga na fedha zake mwenyewe. Mama hakuwa na akaunti ya benki. Tena alisema zikae hapohapo mpaka watoto wa Mtwara wafike, zigawiwe mbele ya wote, asije akasemwa. Watoto wakapiga simu: watakuja wakishauza korosho. Mnada wa korosho unaanza Oktoba.

Na sisi tulikuwa na Agosti. Kodi ya miezi sita ilikuwa imefika, na mwenye nyumba ameipandisha hadi 300,000. Tulihitaji 1,800,000 ndani ya wiki mbili. Kwenye akaunti ya ofisi kulikuwa na laki nne na kidogo. Msimu wa muhuri ulikuwa umechangamka lakini muhuri haulipi milioni. Kikundi cha vikoba alichowaandikia katiba kilikuwa bado kinamdaiwa. Na kulikuwa na mimi: katika milioni zangu tatu nilikuwa nimerudishiwa laki nane tu, na shule ya mwanangu ilikuwa imenitumia ujumbe wa ada, ule unaoanza na "Mpendwa mzazi".

Jioni ile mvua ilinyesha nje ya msimu. Saluni imefungwa, tumewasha taa moja. Nikamwambia.

"Chukua hapo milioni mbili. Korosho haziuzwi mpaka Oktoba. Mpaka hapo utakuwa umeshazirudisha mara mbili. Hela imelala tu."

Hakukasirika, na ningependelea angekasirika. Alivuta droo ya chini, akatoa madaftari mawili, moja la fedha za ofisi na moja la fedha za wateja. La pili akalifungua kwenye ukurasa wa mama wa Mbagala. Ulikuwa na mstari mmoja tu. Akanisogezea na kalamu.

"Nionyeshe mstari wa pili unasemaje," alisema. "Nikitoa milioni mbili leo, hapa naandika nini?"

Mimi naishi kwa kuandika. Niliutazama ule mstari mtupu. Mwisho nikasema, "Andika umeazima."

"Kwa nani?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamkumbusha ada yake mwenyewe, milioni moja, mle ndani ni yake kihalali. Akasema wameandikiana na mama itatoka siku ya mgawo, mbele ya warithi wote, na siku ya mgawo bado.

Jumamosi aliuza IST, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Jumatatu alilipa kodi, akalipa ile asilimia 10 ya TRA juu yake, na mchana akanilipa mimi 2,200,000 zote zilizobaki. Nilisema asinilipe, ngoja kwanza. Akanisogezea risiti nisaini. Tangu siku ile anapanda daladala, na joho lake analibeba kwenye mfuko wa kaki ili lisikunjwe na watu waliosimama.

Ningependa kuwaandikia kwamba wiki ileile mama alitokea ghafla, mjukuu anaumwa, anahitaji fedha zake jioni hiyohiyo, na ingekuwaje kama tungezigusa. Hadithi ingekaa vizuri. Haikuwa hivyo. Mama hakutokea. Zile fedha zilikaa wiki kumi na tano bila mtu yeyote kuzidai wala kuziulizia. Tungechukua milioni mbili, tungezirudisha Septemba, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Ndicho kinachonisumbua.

Maana ile sauti niliyomwambia nayo haikuwa ngeni. Nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka kumi. Mwisho wa mikutano mingi na waandishi kuna karatasi ya kusaini, na kuna bahasha. Tunaiita nauli. Mwaka mmoja nilisaini nauli ya 50,000 kwenye uzinduzi wa mradi mmoja wa barabara, safari ambayo kwa daladala ilikuwa 800. Kwenye daftari langu nilikuwa na aya moja kuhusu vibarua waliokuwa hawajalipwa miezi miwili; niliongea nao wenyewe, nyuma ya kifusi, na mmoja alinishika mkono akasema, "Uandike kweli." Habari ilitoka bila aya ile. Hakuna aliyeniambia niitoe. Mhariri hakuwahi kuiona. Nilijiambia nafasi ni finyu, nitaiandika wiki ijayo kama habari inayojitegemea. Yaani niliiazima. Kwa nani?

*

Warithi walikuja Novemba, watu watano, wamevaa nguo za safari. Vijana wa Mtwara walileta mfuko wa korosho za kukaanga, na mdogo wangu akaumimina kwenye sahani, ukaliwa na wote humohumo ofisini, pamoja na kijana wa steshenari aliyepita kuchungulia. Hati ya mgawo ilisomwa na mama. Hakukimbia neno hata moja. Ukurasa ule wa daftari ukapata mstari wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, na chini kabisa sifuri. Kila mmoja akasaini. Mama alisaini mwisho, herufi moja moja, na alipomaliza akaliangalia jina lake kama mtu anayekagua mshono.

Ofisi bado ni fremu ileile. Kibao kimepauka na hakina namba ya simu. Kuna karani sasa, binti wa kweli, amechukua meza yangu na ameukatia mguu mfupi kipande cha mbao. Baadhi ya miezi kodi inatoka kirahisi, mingine haitoki. Mimi naandikia nyumbani.

Mwaka jana nilihama nyumba na cheti changu cha kidato cha sita kikapotea. Nikaripoti polisi, nikachapa hati ya kiapo mwenyewe, nikaenda Temeke saa za mchana, nikaiweka mezani kwake huku nikiendelea kuongea habari za mama. Nilitaka agonge niwahi gari. Alikuwa anaisoma.

"Tarehe 3 Machi," alisema. "Unaikumbuka?"

"Nilikadiria. Ilikuwa mwezi wa tatu, siku zile za kuhama."

Akalifungua faili kwenye kompyuta, akaandika "mwezi Machi", akaichapa upya. Halafu akavuta droo ya juu.

"Simama, kaka."

Nilicheka. Karani naye akainua uso. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa amekishika kitabu kwa mikono miwili, kama anavyowashikia wote, akisubiri. Nikasimama. Nikakumbuka kuvua kofia. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, mistari minne, na sijui kwa nini koo lilinikauka, cheti kimepotea kweli na mwezi ulikuwa Machi. Nikaapa. Akaandika mahali na tarehe, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke.

"Elfu kumi," alisema, na alikuwa ameshawasha mashine ya risiti.